Damu ya Mzee Sebuleni

Taslim alizijua rangi zote alizoziweka kwenye taa ile, na damu ya mzee haikuwemo.

Aliziweka mwenyewe, moja baada ya nyingine, akiwa amekaa sakafuni sebuleni kwake Kihesa, kompyuta mapajani na chai ikipoa pembeni. Nyekundu, chungwa, njano, kijani, buluu, zambarau, nyeupe, halafu inaanza upya. Mkanda wa taa aliununua roli nzima, akaukata kwa mkasi penye alama, akaunga waya kwa risasi ya kuyeyusha, akaupitisha ndani ya kingo za dari la jipsam ili taa zenyewe zisionekane, uonekane mwanga tu ukiteremka ukutani. Wapo ambao wangesema hiyo ni kazi ya fundi mwanamume. Taslim alikulia nyuma ya kaunta ya baba yake, duka la vifaa vya umeme pale Iringa mjini, na fundi mwanamume wa mwisho kuingia nyumbani kwake alimwachia swichi inayopiga shoti. Tangu siku hiyo mambo ya umeme alijifanyia mwenyewe.

Kwa hiyo jioni ile ya kwanza, mwanga ulipotoka kwenye zambarau ukaenda kutulia kwenye wekundu mzito unaoelekea weusi, alidhani amekosea namba. Akafungua kompyuta, akakagua mstari kwa mstari. Hakukosea. Tena taa za aina ile hazitoi damu ya mzee hata uzibembeleze vipi. Ukipunguza nyekundu unapata nyekundu hafifu, basi, kwa sababu rangi ile inataka weusi ndani yake, na weusi hautoki kwenye taa. Taslim alilijua hilo vizuri, na bado akaliweka kando, maana hapohapo binti yake alifungua kinywa.

"Taslim," alisema Rukaiya.

Mtoto huyo alikuwa na miaka sita, na hakuwa ametamka neno tangu walipomzika bibi yake mzaa baba, Dadima, mwaka uliotangulia. Dadima ndiye aliyemlea, aliyelala naye, aliyemsimulia hadithi mpaka usiku. Walipotoka makaburini mtoto akafunga mdomo kama mtu aliyefunga duka. Walimpeleka hospitali Mbeya. Daktari akampima masikio, koo na kichwa, akasema mtoto ni mzima, ila ana huzuni, apewe muda. Mezani kwake palikuwa na mdoli wenye taa inayobadilika rangi. Rukaiya aliutazama, akatoa mguno mdogo puani. Ni mguno huo tu. Taslim aliubeba mguno huo kutoka Mbeya mpaka Iringa, na kabla hajavua viatu alikuwa ameshapiga hesabu ya sebule nzima itahitaji mita ngapi za mkanda.

Sasa mtoto amesema. Hakusema Mama. Amemwita mama yake kwa jina, kavu, kwa sauti nzito kidogo ya mtu anayeamka usingizini. Taslim alilisikia hilo, si kwamba hakulisikia. Alilisikia akalimeza, akamkumbatia mwanawe akilia na kucheka kwa pamoja, na mkono mmoja ukapapasa kwenye zulia ukitafuta rimoti. Akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Rangi ikaganda hapohapo, na kwa kuogopa mtu asije akaibadilisha, akatoa betri za rimoti akazitia mfukoni.

Mumewe, Jaffer, alikuwa Chunya, ambako huwauzia wachimbaji wadogo pampu za maji. Taslim alimpigia akaiweka simu karibu na mdomo wa mtoto.

"Jaffer," ilisema sauti ile.

Upande wa pili mwanamume mzima akasikika akilia katikati ya kelele za mashine. "Ni yeye? Taslim, ni yeye huyo?"

"Ni yeye. Ni taa, Jaffer. Ile rangi imemfungua."

"Basi usiiguse hiyo taa. Nakuomba. Hata nyumba ikiungua, taa uiache."

Na kweli taa ikaachwa. Ikawaka mchana na usiku, mapazia yakiwa yamefungwa, maana mtoto aliongea humo tu. Akitoka nje ya mlango wa sebule anakuwa bubu kama zamani, tena sasa amelegea, midomo imekauka, hataki hata ugali kwa maharage aliokuwa akiupenda. Akirudi ndani mgongo unanyooka. "Taslim, funga pazia." "Taslim, kaa hapa." Maagizo tu, hapakuwa na mchezo wala swali, na mtoto wa miaka sita asiyeuliza swali ni jambo la kutisha kuliko mtoto asiyeongea kabisa. Mara nyingi Taslim alipiga magoti mbele yake, akamshika mashavu.

"Sema Mama. Mara moja tu, mwanangu. Ma-ma."

Rukaiya alikuwa anamtazama kwa upole, kwa ile subira ya mtu mzima anayengoja mtoto amalize kudeka. Halafu anasema, "Taslim."

Wa kwanza kusema waziwazi alikuwa Devota, msichana wa Kihehe aliyesaidia kazi za nyumbani. Devota hakujaliwa kufichaficha maneno.

"Dada, huko sebuleni panatoa harufu ya kaburi."

"Devota!"

"Mimi nasema ninachonusa. Udongo mbichi wa kuchimbuliwa. Sa'ivi ni mwezi wa sita, mvua iko wapi ya kulowesha udongo?"

Taslim akamwambia ni jipsam imeshika unyevu. Alipobaki peke yake akapanda kiti, akanusa kingo za dari, na pale juu harufu ilikuwa kali zaidi, udongo wa chini kabisa, ule unaotoka mwishoni kabisa wachimba kaburi wakishafika kina. Akashuka. Hakumwambia Devota kitu, wala hakumwambia Jaffer, ambaye kila jioni alipiga simu asikie jina lake likitajwa.

Halafu umeme ukakatika.

Ilikuwa magharibi, Devota yuko jikoni na Rukaiya wakimenya viazi, na Kihesa yote ikazimika kwa mara moja, redio za majirani zikakata, mtu akapiga mluzi barabarani kama kawaida ya watu umeme unapokatika. Taslim alikuwa chumbani. Akatoka kwenye korido akipapasa ukuta, na alipofika mlango wa sebule mkono wake ukawa unaonekana. Ulikuwa mwekundu. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka.

Alisimama pale akijaribu kuutafuta ufundi wake, maana ufundi ndio aliouamini, akajiambia labda sapulai, kile kiboksi kinacholisha mkanda umeme, imebakiza chaji, ingawa alijua sapulai ile haiwezi kubakiza chaji hata ya kupepesa jicho, akaburuta kiti, akapanda, akapeleka mkono nyuma ya kingo ya jipsam mahali alipoifunga sapulai kwa mikono yake, akaishika, nayo ilikuwa baridi, baridi ya chuma kilicholala nje, haitetemeki, haivumi, na wakati huohuo kuvuma alikuwa anakusikia, pale pale karibu na shavu lake, kunapanda, kunashuka, kunatulia kidogo, kunapanda tena, na akiwa bado na mkono juu ya ile sapulai iliyokufa alielewa kwamba kile alichokuwa akikisikia siku zote hizi akadhani ni mvumo wa umeme kilikuwa ni pumzi.

"Taslim," ilisema ile sauti kutoka ndani ya dari, kwa upole kabisa. "Shuka, utaanguka."

Kule jikoni Devota alikuwa akimwimbia Rukaiya kwa Kihehe, na kisu kikigonga sufuria.

Taslim hakukumbuka alivyoshuka. Alijikuta sakafuni jikoni amemkumbatia mtoto, mtoto kimya, ana joto, ananuka viazi.

"Dada, kuna nini?"

"Sema kwa sauti ndogo," alinong'ona Taslim. "Inatusikia."

Asubuhi alitaka kwenda kwa watu wa msikitini, akaona aibu. Angeanza kueleza wapi? Kwamba ameishi na sauti ile, ameibembeleza, amempigia nayo simu baba wa mtoto? Ni Devota aliyesema kuna mama mmoja yuko mjini na lori la mchele kutoka Madibira, anaitwa Mama Happy, analima mpunga, na hayo mambo mengine huyafanya akipata nafasi.

Mama Happy alikuja na ndala zenye matope makavu na simu iliyofungwa kwa mpira. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye haraka. Akasalimia, "Kamwene," akafika kwenye mlango wa sebule, akasimama. Hakuingia. Alitazama juu, akashika pua.

"Hii nani kaifunga?"

"Mimi."

"Inabadilika rangi?"

"Ilikuwa inabadilika. Polepole, moja moja. Nilimkalisha mtoto hapo katikati, ilipofika hii akaongea. Nikaisimamisha."

Mama Happy akamvuta Taslim mpaka uani, mbali na madirisha, Devota akiwafuata, ndipo akazungumza, tena kwa sauti ya chini.

"Sikiliza, mama. Sisi tukiletewa mgonjwa tunamtandikia vitambaa mbele yake, rangi moja moja, polepole hivyohivyo. Kitu kikiona rangi yake kinajibu. Hapo unakibana. Jina lako nani, unataka nini, unaondoka lini. Kikishakubali siku ya kuondoka, ndo unakipa kitambaa chake. Hatutoi kitambaa kabla. Sasa wewe kazi yote umeifanya, tena kwa umeme. Umemtandikia mtoto rangi, kimejibu, ukakipa palepale. Hata kinaondoka lini hujauliza."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Bahati yako bado kinakaa kwenye mwanga, kwa mtoto kinaazima mdomo tu. Lakini kimeshaanza kusema bila mdomo wake. Kikizoea kitamtaka mzima."

Taslim akashika ukuta. "Nikiikata, ataongea? Mwanangu?"

Kwa mara ya kwanza haraka ikamtoka Mama Happy. "Ile sauti siyo yake. Ya kwake ipo, imejificha. Inaweza kutoka, inaweza isitoke. Mimi si Mungu, mama."

"Baki unisaidie."

"Mpunga wangu umelala chini umekatwa, na ng'ombe wa watu hawajui wangu na wa nani. Lori linaondoka leo. Lakini si kazi yangu hata ningebaki. Wewe umekipa, wewe ukinyang'anye. Kesho alfajiri. Usizime swichi, kata mkanda wenyewe. Mtoto awe nyuma yako, nje ya mlango, huyu binti amshike. Ukishakata, usigeuke wala usiitike. Kitaita kwa kila sauti, na mwisho kitachukua ile unayoitamani kuliko zote. Ukiitika umekipa nafsi yako, na hiyo haikatwi kwa mkasi. Na binti huyu naye asifungue mdomo. Mkae hivyo mpaka jua litoke."

"Mpaka jua litoke," alirudia Taslim.

Alfajiri ilifika na baridi ya kupasua midomo. Adhana ilikuwa imekwisha. Devota alikaa kwenye korido, mgongo ukutani, Rukaiya amelala mapajani mwake ndani ya blanketi. Taslim akaingia na mkasi, akafungua mapazia, akapanda kiti.

"Taslim," ilisema sauti. "Mtoto atakuwa bubu."

Mkono ukasita. Ilijua pa kumgusa. Haikumtisha kwa kifo wala kwa moto, ilimwambia tu kile alichokuwa akijiambia tangu jana.

"Nimempa maneno. Wewe ulimpa nini? Mita za waya."

Akakata. Mwanga haukuzimika mara moja. Uliteremka ukutani taratibu, ukapita nyuma ya makochi, ukajikusanya kwenye zulia, halafu ukawa haupo, na ile pumzi ikaenda nao. Kwenye dirisha mlikuwa na kijivu hafifu cha kupambazuka. Taslim akashuka akasimama akikabili dirisha, mgongo kwa mlango, mkasi mkononi, akingoja.

Kwanza aliitwa na Jaffer, toka pembeni mwa kabati, kwa hasira. Hakuitika. Akaitwa na baba yake aliyekwisha kufariki, akimwomba amletee koleo. Akaitwa na Dadima, akikohoa. Machozi yakamtoka, mdomo ukabaki umefungwa. Kila sauti ilikuja hafifu kuliko iliyotangulia, na harufu ya udongo ikapungua mpaka akanusa tena gundi na vumbi la nyumba yake mwenyewe.

Halafu, nyuma yake, chini, karibu na mlango, sauti ndogo iliyokwaruza kama kitasa kisichotumika siku nyingi ikasema:

"Mama."

Mwili mzima ukataka kugeuka. Ile unayoitamani kuliko zote, alisema Mama Happy, na ipi nyingine basi kama si hii, kitu chenyewe kilijua, kilikaa darini siku zote kikimsikia akiliomba neno hilo kwa magoti, kikaliweka akiba, na sasa kinalitoa. Akauma kanga. Akatazama dirishani atafute jua, na dirishani palikuwa na ukungu, ule ukungu wa mwezi wa sita wa Iringa unaopanda kutoka bondeni ukaziba mji kama shuka, mweupe, mnene, hauna jua ndani yake wala dalili ya jua.

"Mama. Mama, naogopa."

Kukapambazuka kabisa. Alisikia pikipiki, alisikia watoto wa shule wakipita wakigombana, alisikia muuza maziwa, mchana ulishafika kwa kila mtu mtaani isipokuwa yeye, maana hakuambiwa mchana, aliambiwa jua, na jua hakuliona, na nyuma yake sauti iliendelea, Mama, Mama nitazame, Mama nimekosa nini, ikipanda ikawa kilio, kilio kikawa kwikwi, kwikwi ikarudi ikawa neno, na simu ikaita juu ya kabati ikakata ikaita tena, naye hakuthubutu hata kuitupia jicho, akachomeka vidole masikioni, akavisukuma mpaka vikauma, akasimama hivyo akisoma dua zote alizozijua na akizikosea, na hata baada ya vidole kufa ganzi hakuviondoa.

Ukungu ulipasuka muda mrefu baadaye. Jua likaingia dirishani likamgonga usoni. Taslim akatoa vidole masikioni. Nyumba ilikuwa kimya.

Simu ikaita tena. Akaipokea bila kufikiri.

"Mbona hampokei!" alifoka Mama Happy, na nyuma yake watu wakipepeta mpunga. "Napiga tangu asubuhi. Mlimaliza salama?"

"Jua limetoka sasa hivi," alisema Taslim.

"Sasa hivi? Mama, kwetu huku kukikucha jua hilo hapo juu ya majaruba. Nilimaanisha kukuche tu. Hayo hayapiti kwenye mwanga wa mchana. Kukishakucha, anayekuita ni mtu."

Taslim akageuka.

Devota alikuwa palepale koridoni, amejisokomeza kitenge mdomoni, uso umelowa. Akakitoa.

"Ni yeye, dada," alisema, sauti ikikatika. "Aliamka ulipokata. Ni yeye mwenyewe. Nikataka kupiga kelele nikakumbuka nimekatazwa. Alinililia mpaka makamasi, akanikojolea. Alikuwa anakuona hapo dirishani umempa mgongo. Nikamziba macho, akanitoa mkono."

"Amenyamaza tangu lini?"

"Kitambo, dada. Ulivyoziba masikio."

Rukaiya alikuwa amekaa ndani ya blanketi lililolowa, macho yamevimba. Taslim akaanguka mbele yake, akamshika magoti, maneno yakitoka hovyo.

"Nipo, mama. Nipo hapa. Nimekusikia, nilikusikia yote. Niite tena. Niite, naitika. Mara moja tu, mwanangu, sema."

Mtoto alimtazama mama yake kwa muda. Kisha akainua mikono yote miwili, akachomeka vidole masikioni, akageukia ukuta.